Baba Mabegani

Mimi sina maneno ya kupaka mafuta. Mume wangu Kornelio alikuwa mbishi, na mwanangu Sefania akaurithi ubishi wote, hakubakiza hata punje.

Kornelio alikuwa mpasua mbao msituni Magamba, na ujanani mwake hakuna aliyemweka chini kwenye mieleka. Mwaka wa pili wa kijiji chetu cha ujamaa, Sefania akaandikishwa kushindana siku ya Saba Saba, Lushoto mjini. Tuliambiwa atakayeshinda atapelekwa Tanga kwenye timu ya mkoa, na vijana wa timu wanapewa kazi kiwandani. Sisi shamba letu lilikuwa kipande cha mteremko, mvua ikija inaondoka nalo. Basi kijana akawa hali wala halali, Tanga tu.

Wenzake walijizoeza kwa kubeba magogo na magunia ya viazi. Kornelio akawacheka. Gunia halina ubishi, alisema, ukiliweka begani linakaa, lakini mtu ukimbeba anakukataa. Akapanda mabegani mwa mwanawe, mtu mzima na ndevu zake, akamwamuru apande kutoka mtoni mpaka kanisani. Njia nzima alikuwa anajipinda, mara anaegemea upande wa bonde, mara anamvuta kichwa nyuma. Sefania alifika juu ulimi nje, miguu inatetemeka, na watu shambani wameacha majembe wanacheka. Nilicheka na mimi. Ikawa ndiyo kazi yao kila asubuhi.

Baada ya kuvuna maharage, Kornelio akaanza kuacha bada, ugali wetu wa muhogo. Alisema inamkwama kooni. Viazi navyo vikakwama, tukabaki na uji, na uji wenyewe akawa anaumeza machozi yanamtoka. Suruali yake niliipunguza kiuno kwa sindano, nikaipunguza tena. Nikamwambia twende hospitali. Akasema baada ya Saba Saba, maana akilazwa mtoto atambeba nani? Akatafuta koti lake zito la msituni, akawa analivaa kila asubuhi ili mifupa isimchome mwanawe shingoni.

Sefania naye akawa anaupanda mlima haraka, halafu akawa anaupanda huku anaimba nyimbo za kwaya, halafu akawa anakimbia. Akirudi ananionyesha misuli. Siku moja nikamshika mkono nikamwambia wazi kwamba baba yake anaisha, ndiyo maana. Akanitazama kama adui.

"Mama, ni mimi nimepata nguvu. Kwa nini hutaki kuniamini?"

Nikamwendea baba yake jikoni, nikamtaka amwambie mwenyewe. Kornelio aliuangalia moto kwanza.

"Mama Sefania, akijua ninakufa hatamshika mtu. Mwache aende akiamini."

Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilikuwa na masikio ya namna hiyo mawili, nyumba moja. Nililia kwa hasira, nikachukua jembe nikaenda kulima.

Saba Saba ukungu ulishuka mpaka kiwanjani, baridi inauma kweli. Tulikwenda na lori la kijiji. Kornelio nilimfunika blanketi, tukamkalisha mbele kabisa aone vizuri. Sefania alipangiwa kijana wa Vuga aitwaye Ramadhani, mfupi, mnene, mpole wa sura. Mwanangu akaingia anatabasamu. Akamkamata Ramadhani kiunoni, akajikaza kumnyanyua kama alivyozoea kumnyanyua baba yake, lakini Ramadhani hakutoka ardhini. Akajaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni. Yule kijana alikuwa amesimama tu, hata kupigana hajaanza.

Hapo Sefania akageuza uso kumtafuta baba yake. Nilimwona anavyomtazama, shingo, mikono, magoti yaliyochongoka chini ya blanketi. Miezi yote ile hakuwahi kumtazama hivyo, maana mtu aliye mabegani mwako humwoni. Akamwachia Ramadhani. Mwamuzi akapiga filimbi, watu wakazomea, yeye akatoka kiwanjani akaja kwetu.

"Rudi," Kornelio akamwambia. "Rudi ukapigane, mwanangu."

Sefania alichuchumaa, akamtoa baba yake kwenye blanketi, akamweka mabegani, akashika njia ya hospitali, ile inayopanda. Jioni daktari alituambia kwamba tumechelewa, lakini hilo nilikuwa nalijua. Kilichonimaliza ni kule njiani. Nilikuwa nyuma yao, blanketi mkononi, namwomba Mungu mwanangu aheme, hata mara moja tu, aseme mzigo umemshinda. Aliupanda mlima wote ule analia, na pumzi haikumpungua.