Angani Hakuna Pori

Kwetu Puge, mkwilima, yaani mume wa binti yako, akikuona unakuja njiani anaacha njia. Anaingia porini, anakupa mgongo na kusubiri upite, ndipo arudi kuendelea na safari yake. Hakusalimii usoni, hakupi mkono, hali chakula mbele yako, na akiwa na neno la kukuambia anamtuma mtu. Si ugomvi, ni heshima. Mimi na mkwilima wangu Modest tuliheshimiana hivyo miaka tisa bila kosa, mpaka aliponikatia tiketi ya ndege ya kwenda Lusaka, daraja la biashara.

Nisieleweke vibaya, tiketi niliipenda. Nimekuwa muuguzi pale hospitali ya Kitete, Tabora, miaka thelathini na moja, nimesukuma vitanda vya watu mpaka magoti yamekwisha, na mtu akiniambia sasa nitakaa mbele nihudumiwe mimi, simbishii. Tatizo lilikuwa sababu ya safari.

Binti yangu Martha alipata kazi ya kufundisha unesi Lusaka, mkataba wa miaka miwili, akaondoka na mwanawe Jenifa. Miaka miwili ikaisha, akasaini mingine miwili bila kumuuliza mumewe. Modest, ambaye ana mashine ya kukoboa mpunga Nzega, akaja Tabora kwangu. Alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, mimi nikiwa ndani, na jirani yangu Bernadeta akawa anazunguka na maneno yetu mpaka ndala zikamkatikia. Ombi lilikuwa fupi: twende wote Lusaka, mimi nimwombee kwa Martha arudi nyumbani.

Nilikubali kwenda. Kumwombea sikusema. Martha alikuwa ameshaniambia kwenye simu, "Mama, yule mtu haongei. Akitaka chumvi anamwambia Jenifa aniambie mimi. Naishi na ukuta wenye masharubu." Niliumia sana, maana mtoto wangu ni msemaji tangu tumboni. Nikaamua kimoyomoyo kwamba nitafika, nitakula wali wa mwanangu, halafu nitamwambia abaki hukohuko. Kwa hiyo nilipanda ndege kwa nauli ya mtu huku nimembebea hukumu yake kwenye mkoba. Najua si vizuri. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa daraja la biashara lilikujaje? Wakala wa tiketi alimwambia Modest kwamba huko mbele kuna nafasi kubwa. Modest aliposikia nafasi akaona pori. Akafikiri mama mkwe atakaa upande wake, yeye upande wake, na katikati patatosha heshima yote ya Unyamwezi. Wakala naye, kwa wema wake, alipoona watu wawili wanasafiri pamoja akawapa viti vya pamoja.

Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam hatukupata shida, yeye alikaa mwanzo wa ndege na mimi mwisho. Tulipoingia ndege kubwa ndipo nikaoneshwa kiti changu, namba mbili A, dirishani. Nikakaa, nikafunga mkanda, nikaanza kufurahia maisha. Kisha nikaona viatu vya Modest vimesimama kwenye ujia. Alitazama tiketi yake, akatazama namba, akatazama tiketi tena. Namba mbili B ilikuwa ubavuni pangu, mbali nami kwa upana wa kiwiko.

Mimi nikajifunika kitenge kichwa kizima. Yeye akamshika mhudumu, binti mmoja mrembo aliyeandikwa Koleta kifuani, akamnong'oneza. Nilimsikia Koleta akijibu kwamba ndege imejaa mpaka kiti cha mwisho, kuna wanakwaya sitini wanakwenda kwenye kongamano.

"Basi nipeleke kwa wanakwaya, mmoja wao aje hapa," Modest akasema.

"Kaka, milango imeshafungwa. Kaa tu, huyu mama hana neno."

Alikaa. Alikaa nusu ya kiti, miguu yote miwili iko kwenye ujia, uso ameugeuzia upande wa pili mpaka bwana mwenye suti aliyekuwa ng'ambo akadhani anatazamwa yeye, akamsalimia. Wazee wetu walitembea toka Unyanyembe hadi pwani na mizigo kichwani, miezi mitatu, na nina hakika hakuna aliyepata taabu ya aina hii. Wao walikuwa na pori pande zote mbili za njia.

Ndege ilipotulia angani nilitaka kufunga kidirisha, jua lilikuwa linaniunguza. Nikapapasa chini ya kitenge, nikapata kitufe, nikabonyeza. Kiti kikaanza kunilaza. Nikabonyeza tena, kikainua na miguu. Nilijikuta nimelala chali, miguu juu, ubavuni mwa mume wa binti yangu. Mimi nilitarajia mkwe aje kuniona nimelala chali siku moja tu, tena jeneza likiwa limefungwa.

Modest hakuona, nathibitisha, kwa sababu alikuwa ameshasimama na kukimbilia jikoni kwa wahudumu. Huko alijibanza nyuma ya pazia. Nikasikia amani, nikamwambia Koleta anirudishe niwe mtu wa kukaa. Akaleta chakula: kuku, viazi vilivyopondwa, kijani fulani, na glasi ya kioo hasa. Nilikula nusu ya kuku kwa haraka nikiwa naliangalia lile pazia. Na Modest, nadhani, alikuwa anakula upande wa pili kwa haraka hiyohiyo.

Kisha rubani akatangaza kwamba mbele kuna mawingu mazito, kila mtu arudi kitini. Koleta akamtoa Modest nyuma ya pazia kwa mkono. Nikachukua blanketi la ndege nikajitupia juu ya kitenge, pamoja na sahani yangu, kwa sababu kuku sikuwa tayari kumwacha.

Ndege ikaruka. Ikaanguka. Ikaruka tena. Huko nyuma wanakwaya wakaanza wimbo, sauti ya nne ikapotea njiani. Nikamsikia Modest anaita kwa sauti ya mtu anayezama.

"Dada. Dada Koleta. Mwambie mama, shikamoo."

Koleta alikuwa amejifunga mkanda kwenye kiti chake cha ukutani, anatutazama ana kwa ana. "Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba," nikasema ndani ya blanketi.

"Si amekusikia mwenyewe?"

"Hajasikia. Mwambie."

Akamwambia. Nadhani alituona wagonjwa, lakini alikuwa na malezi. Modest akaendelea. "Mwambie, tukianguka, naomba aniombee msamaha kwa Martha."

"Mwambie tukianguka tunaanguka wote," nikajibu. "Huo msamaha nitauombea wapi?"

Koleta akalipeleka neno zima bila kupunguza. Modest akalifikiria. Halafu akasema kwamba yeye alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Martha, yapo kwenye karatasi, na angependa mama ayasikie kabla, kama yana kosa ayarekebishe. Koleta aulizwe kama anaweza kuyasoma.

"Kaka, ndege inatikisika."

"Soma tu, dada. Ni ukurasa mmoja."

Karatasi ikamfikia kupitia mikono ya abiria wa mbele, akainyoosha, akasoma, na kwa kuwa injini zilikuwa zinanguruma alisoma kwa sauti ambayo daraja la biashara lote lilinufaika. "Kwa Bibi Martha Modest, Lusaka. Yah: ombi la kurejea nyumbani. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mume wako, mkazi wa Nzega. Ninaleta ombi langu kwako nikiwa na akili timamu. Sababu za ombi hili ni kama ifuatavyo." Akasimama. "Hapa pameachwa wazi."

"Sababu sijamaliza kuziandika," Modest akasema.

"Halafu mwisho inasema, natumaini ombi langu litapokelewa na kufanyiwa kazi. Wako katika ujenzi wa familia."

Yule bwana mwenye suti akasema kwamba pangewekwa na nakala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nilikuwa nacheka mpaka kipande cha kuku kikaingia njia ya pua. Blanketi lilikuwa linatetemeka lote, na Koleta, mkanda ukiwa umemshika, akainama upande wangu akaniambia, "Pole mama, usilie, anampenda." Na kusema kweli wakati huo nilikuwa nimeanza kulia kidogo pia. Ilinijia kwamba miaka tisa nilimdhania Modest ana kiburi. Mtu mwenye kiburi haandiki barua ya namna ile. Huyu alikuwa mwoga tu, mwoga wa kupindukia, na aliyemtisha ni binti yangu, aliyezaliwa na kilo mbili na nusu.

Lakini sikumtumia neno lolote la faraja. Kuona huruma ni jambo moja, na kumrudisha mwanangu kwenye nyumba isiyo na sauti ni jambo jingine. Kama hawezi kufungua mdomo, Martha abaki Lusaka. Msimamo wangu ukabaki pale ulipokuwa, ingawa haukukaa raha tena.

Ndege ikatulia, ikatua. Modest akatangulia kutoka, nikamwacha atangulie sana. Nilihitaji choo tangu tulipoondoka Dar es Salaam, na ili kukifikia ningelazimika kuruka magoti ya mkwe, au kupita kwenye pazia alilojibanza, kwa hiyo nilikuwa natembea kwa uangalifu mkubwa.

Martha alikuwa amesimama pale wanapopokelea wageni, amekonda kidogo, nywele amekata. Akanikumbatia, nikamkumbatia, tukapigana migongo. Kisha akamwona mumewe. Modest alikuwa amesimama hatua kama sita, begi begani, karatasi mkononi, masharubu yanacheza. Martha akamsubiri. Niliuona uso wa mwanangu ukisubiri, na nikajua kwamba alikuwa ameusubirisha hivyo siku nyingi kabla ya kuondoka Nzega, na kwamba hii ndiyo mara ya mwisho.

Wahudumu wa ndege yetu wakatokea wanavuta mabegi yao. Modest akamwona Koleta, akamwendea kama aliyeona ndugu, akamnyooshea ile karatasi.

"Dada, nakuomba. Mwambie Martha..."

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

Nilisema mimi. Nilisema nikimtazama usoni, kitenge kikiwa shingoni, kichwa wazi, mbele ya watu wa Zambia. Miaka tisa sikuwahi kumpa neno moja ana kwa ana. Martha akashika mdomo. Koleta akasimama na begi lake lisiende mbele wala nyuma. Modest alinitazama kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mimi nikagundua kwamba ana macho mazuri, jambo ambalo Martha hakuwahi kuniambia.

Akageuka kwa mkewe. Akafungua ile karatasi, akafika pale palipoachwa wazi, akaikunja tena.

"Kuku wamenenepa," akasema.

"Kuku gani?" Martha akauliza.

"Wa nyumbani. Hawawezi hata kuruka ukuta."

Nilitaka kumpiga na mkoba. Martha akashusha mabega. "Umetoka Nzega kuniambia kuku wamenenepa?"

"Napika wali wa watu watatu," Modest akasema. "Kila jioni. Nimejaribu kupika wa mtu mmoja, mkono haujui. Nakula wangu, nangoja kidogo kama mtakuja, halafu huo mwingine nawapa kuku." Akaitia karatasi mfukoni. "Miaka miwili sasa. Ndiyo sababu wamenenepa."

Martha alimtazama muda mrefu, kisha akamsogelea, akamtoa begi begani kwa mikono miwili, akaliweka begani kwake mwenyewe. Modest akabaki amesimama mikono mitupu. Mimi nikageuka nikatazama ukuta, maana mkwe wangu alikuwa analia, na kwetu si heshima kumtazama.