Mpaka Afe Kwanza

Agripina alikuwa akisubiri mengineyo, kipengele cha mwisho cha kikao cha jumuiya. Tangu rozari ianze kwenye ua wa mwenyekiti Emilian, pale Itigi, alikuwa ameibana karatasi ya zahanati ndani ya kanga mpaka ikalowa jasho. Muuguzi alikuwa ameugusa uvimbe wa titi lake, akakunja uso, akaandika: hospitali ya mkoa, Singida, Jumanne, asikose. Angelazwa siku tatu. Na kwa watu ishirini waliokaa kwenye mikeka ile, Agripina alitaka kimoja tu: mtu wa kukaa na Mzee Calist siku hizo tatu.

Mzee Calist hakuwa ndugu yake. Alikuwa fundi wa reli zamani, sasa amepooza, hana mke wala mtoto. Huu ulikuwa mwaka wa tatu Agripina anamwogesha, anamlisha uji, anamgeuza asubuhi, mchana na jioni ili mgongo usitoke vidonda.

Lakini kabla ya mengineyo kulikuwa na ajenda ya msimamizi. Jumuiya yao ilikuwa imegawanywa kutoka kwenye kubwa, haina jina, na lazima ichague mtakatifu wa kuiombea.

"Tunahangaika na wa mbali wa nini?" Winfrida akadakia, maana hakuna kikao alichokiacha bila utani. "Mtakatifu si huyu hapa? Jumuiya ya Mtakatifu Agripina wa Itigi!"

Ua ukalipuka kwa vigelegele.

"Haiwezekani," Emilian akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Kanisa linataka mpaka afe kwanza."

"Basi tumsubiri!"

"Agripina, usituchelewesheee!"

Agripina naye alicheka. Angefanyaje? Wakampigia makofi matatu, wakamchagua Mtakatifu Yosefu, ndipo mengineyo yakafika.

Akasimama, akasema shida yake.

"Ni siku tatu tu," akaongeza. "Unga wa uji nitauacha tayari. Ni kumgeuza na kumsafisha."

"Dada yangu, mimi nitatapika," alisema Scola, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Wewe una karama. Sisi ni wakosefu tu."

"Kweli," Emilian akaitikia. "Karama haiazimwi."

"Na wewe Mungu hawezi kukuacha, Agripina," alisema Winfrida. Safari hii hakuwa akitania.

Miaka mitatu walikuwa wakimwita mtakatifu, njiani, bombani, sokoni, na yeye akiinamisha uso kwa aibu tamu. Kumbe kila walipomwita walikuwa wanajifuta majina kwenye zamu ya kumtunza mzee. Alitafuta jicho moja la kuangaliana nalo. Wote walikuwa wanatazama mikeka.

Emilian akafungua daftari, akaandika jina lake kwenye nia za sala. Salamu Maria tatu, wakatawanyika.

Jumanne asubuhi, honi ya basi la Singida ilisikika kutoka stendi mpaka chumbani kwa Mzee Calist. Agripina alikuwa amemlaza ubavu, mkono mmoja ukimzuia asianguke, mwingine una kitambaa cha maji ya vuguvugu. Titi lilimchoma mpaka begani.

"Nenda, mwanangu," mzee alisema kwa ulimi mzito. "Niwekee maji tu hapa karibu."

"Utayanywa kwa mkono gani, mzee?"

Machozi yalimteremkia mzee yakalowesha mto. Kisha akanong'ona, "Wewe ni mtaka..."

"Koma!"

Kitambaa kilimponyoka. Tangu azaliwe hajawahi kumpandishia sauti mtu wa umri ule. "Ukilimaliza hilo neno, nakuacha na mavi yako!"

Mzee akafumba macho, neno limemkatikia mdomoni. Honi ikalia tena, ndefu, ya kuondoka. Agripina alisikiliza mpaka mlio wa basi ukapotelea barabarani. Akaokota kitambaa, akakisuuza, akaendelea pale alipoishia.