Kiwanja, Kuta na Paa

Jumanne saa tatu asubuhi mshona magodoro alikuwa barazani akichambua pamba, miguu imezama mpaka magotini, dalali alipokuja kubandika tangazo la mnada mlangoni kwake. Dalali alimwomba asogee kidogo, akapiga misumari minne, akamtakia kazi njema. Nyumba ingeuzwa Jumatatu.

Mumewe ndiye aliyeiweka rehani, alipokuwa mgonjwa. Kila mwezi benki ilimkata bima, ili akifa deni life naye. Alikufa. Benki ikasema fomu ya bima haionekani, na fomu isipoonekana deni linaendelea kuishi.

Alhamisi mshona magodoro akaweka kazi kando, akaenda ofisi ya msaada wa sheria, ile ya bure, ghorofani juu ya duka la rangi. Karani wa pale, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa ameshaiandikia benki barua tano kuhusu hiyo fomu na hajajibiwa hata moja. Siku hiyo aliusoma mkataba upya, kidole kikifuata mistari, mpaka chai yake ikapoa.

"Dada," akasema, "hapa wametaja kiwanja, kuta na paa. Vyumba hawakuvitaja."

"Kwa hiyo vyumba ni vyangu?"

"Ni vyako. Vitoe kabla ya Jumatatu."

Mshona magodoro akashukuru, akapita kwa majirani kuomba msaada. Hakuna aliyeuliza mengi. Kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipara kwa sababu iliyoonekana wazi, alisema nyuma ya duka lake pana nafasi ya jiko. Fundi cherehani akakubali kupokea sebule na chumba cha kulala, mradi visikalie cherehani. Dereva wa lori akatoa uwanja wake kwa chumba cha mama mkwe wake mshona magodoro.

Jumapili asubuhi wakaanza. Sebule ilitangulia, imelazwa ubavu kama kabati, na watu wanne waliimudu. Ilipotoka nje, barabara nzima ikageuka kutazama. Ilikuwa imekuja na mwanga wake, na ubaridi wake, na harufu ya pamba, na walioibeba walisikia humo ndani kicheko cha marehemu, kile cha kuchekea mizaha ya mkewe. Hakikumtisha mtu. Dereva akazima injini ya lori bila kuombwa. Wenye kofia wakazivua, na mikono mitupu ikajipanga kupokezana.

Chumba cha mama mkwe kilikuwa kizito kuliko vyote, watu tisa, kwa sababu mwenyewe alikataa kushuka kitandani.

"Mwanangu, waambie wakate kona taratibu," alisema kupitia dirishani. "Mumeo nilimzalia humu."

Wakakata kona taratibu. Mshona magodoro alitembea kando yao, kiganja kwenye ukingo wa dirisha, akahisi chumba kinavuta pumzi na kuishusha, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi mgongoni. Machozi yalimtoka akayaacha, maana mkono ule hakutaka kuuondoa.

Jumatatu dalali akauza kiwanja, kuta na paa. Mnunuzi alifungua mlango wa mbele, akavuka kizingiti, akajikuta uani. Akazunguka, akafungua tena, akajikuta uani. Akatia saini. Dalali akaandika kwamba mnada umekwenda salama.

Miezi miwili baadaye mshona magodoro alirudi kwa karani kuulizia fomu. Mbele yake kwenye benchi alikaa mchomeleaji mwenye tangazo la mnada mkononi na mkataba mpya wa benki ileile. Karani akausoma. Kidole kikasimama mstari wa nne.

"Kiwanja, kuta, paa," akasoma, "pamoja na vyumba vyote."

Mchomeleaji akauliza kama kuna kitu kingine walichosahau kukitaja. Karani akavua miwani, akaifuta, akasema ataandika barua. Kisha akamgeukia mshona magodoro, akamwambia kwamba fomu yake bado haionekani.

Mshona magodoro akashukuru, akashuka ngazi. Alipitia jikoni kwake, nyuma ya duka la Kipara, akapika, kisha akavuka barabara na sahani mbili kwenda kula na mama mkwe. Magari yakasimama kumpisha, kama yalivyokuwa yakifanya kila siku.