Bomba la Elizabeti

Mtambo wa serikali ulifika mwezi wa kumi, mabibo yamejaa chini ya mikorosho mpaka njia inateleza. Tukasema safari hii wametukumbuka kwa wakati. Tulijidanganya. Ulishushwa ghalani na turubai lake, na mtendaji wa kijiji, Goodluck, akatia kufuli.

"Hauwashwi mpaka mgeni rasmi aje auzindue."

Basi mabibo nayo yamsubiri mgeni rasmi! Bibo likianguka leo, kesho ni la nzi. Lakini nani ofisini anajua hilo?

Mtambo wenyewe ni wa kupikia pombe kali. Kikundi cha akina mama walipelekwa mjini Mtwara kufundishwa, wakarudi na fulana na karatasi za kubandika kwenye chupa: Ramu ya Mabibo. Mwenyekiti wao ni shemeji yangu Jesca, mdogo wa marehemu mke wangu. Mimi shule niliachia darasa la nne, ila nipa, gongo yetu ya mabibo, naijua. Walichobadilisha ni jina.

Mke wangu Elizabeti aliipika uani kwetu miaka yote. Pipa, moto wa kuni, na bomba la shaba lililopita kwenye maji baridi, mvuke ukatoka upande wa pili umekuwa matone. Bomba lilikuwa la baba yake. Siku moja huyohuyo Goodluck akaja na mgambo, wakalipasua pipa kwa shoka, bomba wakabeba. Eti kielelezo. Mwaka haukuisha, presha ikamchukua Elizabeti. Sisemi bomba ndilo lililomwua. Nasema aliliulizia mpaka kitandani, nami nikamwahidi litarudi.

Nimelidai mpaka viatu vimeisha. Goodluck anasema liko wilayani. Wilayani wanasema liko polisi. Polisi wanasema leta barua ya mtendaji. Danadana tupu, na wote wanalipwa mshahara.

Mgeni rasmi naye mara ana kikao, mara yuko Dodoma, mara barabara imekatika. Alipotoa tarehe, msimu ulishapita, hukuti bibo hata la dawa. Ndipo Goodluck akaja kwangu anatoka jasho, Jesca nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umekuja kukamata nini? Kuku ninaye mmoja tu."

Jesca akacheka. "Shemeji, kwa mdomo huo utaoa tena wewe?"

"Mtambo lazima utoe kitu mbele ya mgeni," Goodluck akasema. "Waandishi wa habari watakuwepo. Tumesikia una dumu la nipa."

Nikamtazama Jesca, akaangalia pembeni. Dumu lipo kweli, chini ya kitanda. Ni nipa ya mwisho aliyoipika Elizabeti. Siinywi. Nafungua kizibo, nanusa, nafunga.

"Gongo si haramu, mtendaji?"

"Tukiimimina kwenye mtambo ikatoka upya, siyo gongo tena."

"Kumbe! Basi nipe bomba la mke wangu, uchukue dumu."

"Mzee, nilishakwambia, liko wilayani."

"Mpe mgeni maji ya kisima."

Jesca akamsukuma Goodluck begani. "Mwambie, baba, muda unakwenda."

"Njoo ofisini," Goodluck akasema kwa sauti ndogo.

Ofisini alipanda juu ya kiti chake akaanza kuvua pazia la dirisha. Bomba lilikuwa limelala pale juu, kwenye misumari miwili, limepakwa rangi nyeupe. Na chini ya dirisha hilo ndipo lilipo benchi la wananchi. Mara zote nilizokuja kuliomba, nimekaa chini yake.

"Nilikosa cha kutundikia pazia, mzee. Kijiji hakina fungu."

Niliikwangua rangi kwa ukucha, shaba ikachungulia. Nikatafuta pale lilipobonyea siku lilipomponyoka Elizabeti, nikapaona. Nikaenda kuleta dumu. Kulitoa kuliniuma kuliko nilivyodhani, lakini ahadi haikuwa ya dumu.

Mgeni akaja. Walimkalisha ofisini kwanza, jua likampiga usoni, akawa anajikinga kwa faili.

"Hapa hamna pazia?"

"Linafuliwa, mheshimiwa," akasema Goodluck.

Ghalani mtambo ukawashwa, ukatoa matone. Mgeni akaonja, akafumba macho, akaonja tena.

"Mnaona? Huu ndio utaalamu! Siyo ile chafu ya vichochoroni."

Watu wakapiga makofi. Jesca hakupiga. Alikuwa anajifuta macho kwa fulana ya kikundi, akasingizia moshi. Mimi nilisimama nyuma kabisa, nimeliegemea bomba kama mkongojo. Ningepiga kelele kuwa hiyo ni kazi ya mke wangu, wangenitoa nje, na bomba wangelichukua tena. Nikaubana mdomo, mimi ambaye siwezi kuubana.

Magari yalipoondoka, mtambo ukatiwa kufuli tena. Kibali cha kuuza hakijatoka. Goodluck akanifuata njiani.

"Mzee, msimu ukifika nikaona moshi uani kwako, nitakuja na mgambo."

"Njoo," nikamwambia. "Ila pazia la dirishani kwako kalikatie mwanzi kabisa."

Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilipita makaburini nikamwonyesha mwenyewe, na rangi yao nikaimalizia kuikwangua palepale.