Msiba wa Jenerali Hashitai

Kichina Machibya hakukijua hata cha kuombea maji, jamani, lakini banda la video la Kiseke lilifurika kila Jumapili mchana kwa ajili ya mdomo wake. Filamu ikianza anashika kipaza sauti, anawatafsiria watu. Asichokielewa anakitunga, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Safari hii alikuwa na tamthilia ya Jenerali Hashitai, Mmanchu wa ukoo wa kitemi huko kaskazini mwa China. Alipanda farasi meno ya utoto hayajang'oka, akaingia jeshi lao la bendera nane, kila kikosi na bendera yake, akavuka ule ukuta mrefu na kuteka miji. Wambeya wa ikulu wakamchongea kwa mfalme, akavuliwa cheo, akapelekwa kuchunga farasi kwenye baridi kali. Vita vilipowashinda wenyewe wakamfuata wakimbembeleza. Kiseke nzima ilimpenda kama mtoto wa shangazi.

Aliyempenda kupita wote ni Mzee Chenge, sajenti mstaafu. Mwanzoni alimkataa kabisa kwa sababu ya nywele: mwanaume mzima amenyoa mbele, nyuma kasuka! Baada ya vita vya kwanza akasema kila jeshi na sare yake, akahamia benchi la mbele. Sasa Chenge huyo ndiye baba yake Gladness, na Machibya alimtaka Gladness mpaka chakula hakipiti. Posa ilishapelekwa, mzee hajasema ndiyo wala hapana. Kwa hiyo kila Jumapili Machibya alitafsiri kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Jumapili hiyo Hashitai akapigwa mshale wa kifua, akatumbukia mtoni. Machibya hakuwa ameitazama sehemu hiyo kabla, uvivu tu. Alipoona uso wa mzee umekunjamana, akaogopa, akatangaza kwamba jenerali anaoga. Mke wa jenerali akaangua kilio, Machibya akasema ni furaha. Jeneza likaletwa, akasema hilo ni kabati jipya la nguo.

Mzee Chenge akasimama.

"Kijana, mimi nimezika wenzangu. Usinifanyie mzaha msibani. Amekufa, hajafa?"

Machibya alijua Gladness ndiye huyo anamponyoka.

"Amekufa, baba."

Basi akaacha porojo, akasimama wima na kusoma wasifu wa marehemu kama inavyosomwa kwenye misiba yetu: alikozaliwa, vita alivyopigana, alivyoonewa, mjane aliyemwacha. Akina mama wakalia kweli kweli. Mzee Chenge akapiga saluti, machozi yanamchuruzika. Kisha akatamka mbele ya banda zima kwamba kijana anayejua kumsindikiza mtu kwa heshima namna ile ndiye atakayemwoa binti yake, na wazee wake waje Jumamosi. Vigelegele vikapigwa.

Hapo hapo, kwenye skrini, jeneza likafunguka. Hashitai akaketi, akakohoa, akaomba upinde wake.

Watu wote wakamgeukia Machibya, na Machibya, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakosa neno la kutunga. Mzee Chenge naye alikuwa ameshapiga saluti na ameshatoa kauli, na Kiseke nzima imemwona akilia. Akafuta macho taratibu, akachukua kipaza sauti.

"Huyo ni pacha wake," akatangaza, akakirudisha. "Endelea, mkwe."