Mstari wa Maji

Mkwe wangu hajawahi kunipandishia sauti. Angenipandishia, ningejua pa kumshika. Ana yadi ya magari yaliyotumika, nyuma ya yadi ana nyumba, na ndani ya nyumba hiyo yumo binti yangu, pamoja na chumba nilichopewa mimi nilipofukuzwa kazi mara ya nne. Asubuhi ananiamkia kabla sijapangusa matongo. Mezani napakuliwa wa kwanza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nililopewa mimi ni kuyarudishia magari weusi wake.

Jua hula plastiki. Bampa na plastiki za ubavuni hutoka kiwandani nyeusi tii, na baada ya miaka michache zimepauka kama visigino visivyojua mafuta. Kuzirudisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupaka mafuta kwa sponji. Dakika kumi gari linameremeta, na mvua ya kwanza inaondoka nayo. Ya pili ni moto. Unapitisha mashine ya hewa ya moto taratibu, bila kukawia mahali pamoja, na mafuta yaliyojificha ndani ya plastiki yenyewe yanapanda juu. Weusi huo si wa kuazima. Ila moto hauna siri: penye doa lililokolea, kote kutakuwa kweusi na doa litabaki limekutolea macho.

Jumatatu liliingia gari jeupe. Kwenye plastiki za ubavuni na bampa, viganja viwili kutoka chini, mstari uliopauka ulilizunguka gari zima, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Mistari ya namna hiyo nimeiona kwenye kuta za nyumba zilizoingiliwa na mafuriko.

"Hili gari lilizama," nikamwambia mkwe.

"Lililowa kidogo, baba. Nani hajawahi kulowa?" Akacheka kwa upole. "Hili tumia mafuta tu, usijichoshe na moto. Alhamisi anakuja mkunga kulitazama. Mama wa watu, anazunguka kutwa kwa miguu."

Gari lililozama huoza kwenye nyaya. Laweza kukupeleka miezi sita bila kukohoa, halafu siku moja likuzimikie mteremkoni. Mkwe anajua. Asingejua, asingenikataza moto.

Ugonjwa wangu ni kukumbuka. Miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye kiwanda cha mabodi ya mabasi, tuliamriwa kupaka rangi juu ya fremu zilizopasuka. Tulikuwa thelathini na wawili, nami katibu wa chama chetu cha wafanyakazi. "Tangulia, Katibu, tuko nyuma yako," wenzangu wakasema. Nikatangulia hadi ofisini, nikasema yote. Nilipogeuka, nyuma yangu palikuwa na mlango tu. Kazi ikaisha, chumba cha kampuni kikaisha siku hiyohiyo. Jina la Katibu ndilo lililobaki. Hata mlinzi wa yadi ananiita hivyo, kwa dhihaka. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Alibeba ndoo ya vyombo kichwani, hakuuliza tunakwenda wapi.

Nikatumia moto. Siku mbili nililipitia gari lile kiganja kwa kiganja, na Alhamisi plastiki zake zilikuwa nyeusi za haki, na mstari limeuvaa kiunoni.

Mkunga alifika na mkoba wake, akainama. "Huu mstari ni nini?"

"Urembo, mama," mkwe akasema. "Magari ya toleo hili yanakuja nao."

Akanigeukia. "Mzee, wewe ndiye fundi. Ni urembo?"

Binti yangu alikuwa mlangoni, ameshika sinia.

"Ni maji," nikasema. "Yalifika hapo."

Mkwe hakukunja uso. Alikwenda kuleta kiti. "Kaa, baba, jua kali. Macho yanamchezea siku hizi, mama. Tunamwachia hizi kazi asije akanyong'onyea ndani peke yake."

Mkunga akanitazama kwa yale macho wanayotazamia wagonjwa. "Pole, mzee."

"Katibu kapandishwa cheo," mlinzi akasema kule langoni. "Kapewa na kiti."

Nilishindana na wakurugenzi walionitukania mama yangu. Kushindana na mtu anayekuletea kiti sikufundishwa. Nikakaa. Kisha nikainuka, nikafungua mlango wa dereva, nikauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kule ambako hakuna muuzaji anayekumbuka kuosha. Kipande cha mwisho kilikuwa na matope makavu. Nikayafikichia kiganjani mwa mkunga. Akayanusa, akafunga mkoba wake.

"Asante, mzee," akasema, akaondoka kwa miguu kama alivyokuja.

Jioni nilipakuliwa wa kwanza. "Kula, baba," mkwe akasema.

Binti yangu alinifuata nikinawa. "Yadi hii ndiyo chakula chetu. Ndoo ile niliibeba nina miaka tisa, baba. Sasa nina wanangu wawili. Safari hii nimtwike yupi?"

Nikaendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata.

Asubuhi gari lilikuwa palepale. Mikanda yote mipya, inanuka duka. Mashine ya moto haikuwapo rafuni. Juu ya kile kiti palikuwa na chupa ya mafuta na sponji.

"Nimekusogezea kila kitu, baba, usihangaike," mkwe akasema. "Saa nne anakuja mwalimu mmoja kulitazama."

Lango lilikuwa wazi. Hakuna aliyenishika. Binti yangu alisimama dirishani, hafuti vumbi, hapangi kitu, ananitazama tu.

Nikachovya sponji. Nilianza na mlango wa dereva. Mstari ukayanywa mafuta, ukatoweka chini ya mkono wangu. Nikainua macho angani.

"Unatafuta nini huko juu, Katibu?" mlinzi akauliza.

"Mvua."

Akainua kichwa, akatazama pande zote kwa makini, kama mtu aliyetumwa. "Labda mwezi ujao," akasema.