Dubu wa Sindre

Sindre Kvamme alikuwa hajawahi kuliita jiwe dubu. Hayo aliyasema mwenyewe, mdomo umejaa mkate na jibini ya kahawia, asubuhi ile meli ilipokuwa ikijipenyeza kwenye hori moja kaskazini mwa Svalbard, visiwa vya barafu vya Norwe. Aliyasema jana yake pia, na juzi, na kila msimu tangu aanze kazi ya kuwaongoza watalii. Wenzake walishamzoea, kama mtu anavyozoea mkoromo wa mwenye kitanda cha juu.

"Jicho langu halina biashara na mawe," alisema. "Nikisema dubu, mjue ana damu."

Haikuwa sifa ndogo. Fukwe za kule zimejaa mawe ya rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha, na dubu mweupe akishashiba akalala, hana tofauti na jiwe isipokuwa hasira. Ndiyo maana melini palikuwa na sheria isiyoandikwa popote: mwongozaji akiwatoa abiria vyumbani waje kutazama dubu, dubu akageuka jiwe, basi atavaa aproni ya waridi yenye picha ya dubu anayecheka, asimame sitaha ya nyuma, awaokee watu wote vafler, zile chapati za vyumbavyumba zinazobanwa kati ya vyuma viwili vya moto. Borghild, mkuu wa waongozaji, alikwisha kuivaa aproni mara kadhaa na hakuona haya. Aslaug, mtaalamu wa ndege, aliivaa mara mbili msimu ule ule, hata Sindre akambandika jina la Mama Lishe.

Safari hii, lakini, utani ulikuwa na uzito. Borghild alikuwa anaiacha bahari akapumzishe magoti yake, na kofia yake nyekundu ya ukuu angemvisha mtu kwenye karamu ya mwisho, kesho yake jioni. Ama Aslaug, ama Sindre. Sindre alishaijaribu kofia hiyo kwa siri mbele ya kioo cha msalani, akajiona imemkaa kuliko inavyomkaa mwenyewe. Na hoja yake ilikuwa moja tu: aliyewahi kuoka vafler ataongoza vafler, watu wataongozwa na asiyeoka.

Baada ya kifungua kinywa akapanda sitaha ya mbele na darubini. Haukupita muda akamwona. Kando ya maji, chini ya mteremko, kitu cheupe kinachoelekea manjano, kirefu, kina bega, kina kiuno. Moyo ukamruka. Mtu mwingine angemwita mwenzake atazame naye kwanza, ndiyo desturi ya kazi. Lakini kumwita mwenzake maana yake ni Aslaug, na Aslaug angepata nusu ya dubu. Akashika kipaza sauti peke yake.

Abiria walitoka kama siafu waliomwagiwa maji. Wengine walikuwa na nguo za kulalia chini ya makoti. Bwana mmoja wa Bergen alitokea sauna, chumba cha mvuke wa moto, akiwa na taulo moja na imani nyingi. Na mbele ya wote, amejikita kwenye ukingo na darubini yake ndefu ya miguu mitatu, alikuwapo Bi Gudveig wa Ålesund, mjane aliyekuja Svalbard mara ya tatu kumtafuta dubu. Safari mbili za kwanza aliambulia ndege na mafua.

Sindre akawamwagia maelezo. Ni jike, akasema, wa makamo, amekula sili usiku, tazameni tumbo lilivyojaa. Watu wakafuta machozi. Bi Gudveig akatazama sana, kisha akauliza mbona hapumui. Sindre akamweleza kwa upole kwamba dubu aliyeshiba hupumua kwa nadra, kama bahili anavyotoa salamu. Baadaye shakwe akaja akatua juu ya kichwa cha dubu, akanya, akajipangusa mdomo, akasinzia.

"Hata hilo halimwamshi?" Bi Gudveig akauliza.

"Wamezoeana, bibi. Shakwe humfuata dubu kwa makombo."

Aslaug, mwenye shahada ya shakwe, akakohoa kidogo akatazama pembeni. Hapo ndipo jasho lilipoanza kumtiririka Sindre ndani ya sufu. Alitazama tena, na safari hii aliona alichopaswa kukiona mwanzo: ufa uliopita katikati ya kiuno, na kuvu ya kijani kwenye bega. Dubu wake alikuwa hajapumua tangu dunia iumbwe.

Mungu hamtupi mja wake, hata mja mwongo. Ukungu ukashuka kutoka kwenye barafu, ukafunika ufuo, jiwe na shakwe. Abiria wakaingia ndani wakigonganisha vikombe vya chokoleti ya moto, wakimsifu Sindre na jicho lake. Bwana wa taulo alimkumbatia, jambo ambalo Sindre angependa kulisahau. Borghild alimpiga begani tu, akasema ukungu ukiondoka kesho watashuka ufuo ule ule, watu wakanyage walau nchi kavu.

Sindre hakuonja samaki wake siku ile. Wakishuka pale, abiria wote watapita ubavuni mwa jiwe, na watalijua, maana wamelipiga picha kuliko bibi harusi.

Kulipokucha ukungu ulikuwa bado mzito. Kabla abiria hawajaruhusiwa kushuka, waongozaji hutangulia kukagua ufuo, nao huenda wawiliwawili. Sindre akasema ataanza peke yake, wenzake wanywe kahawa kwa raha. Borghild akamtazama juu ya kikombe, akamwambia asiende mbali na boti, naye mwenyewe atamfuata akimaliza. Sindre akaona hiyo ndiyo bahati. Akajitupa kwenye boti ya mpira na bunduki, redio ya mkononi na ndoo.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Dubu huondoka, mawe hukaa. Basi jiwe lile likipakwa likawa jeusi, dubu atakuwa ameondoka. Akaegemeza bunduki, akachota tope na mwani, akaanza kulipaka kuanzia kichwani. Akapaka shingo, akapaka bega, akauziba ufa kwa mapenzi. Shakwe alikuwa amerudi, akimtazama kwa dharau ya mwenye nyumba. Sindre alizama kazini hata hakuona ukungu ulivyokuwa ukijikunja nyuma yake, wala jua lilivyoanza kuyamulika maji.

Ndipo shakwe akaruka bila kuaga. Sindre akainua kichwa. Mbali kidogo ufuoni, akija taratibu kama mtu anayetoka sokoni, alikuwa dubu. Huyu alikuwa na miguu minne na yote ilikuwa inafanya kazi.

Akashika redio kwa mkono wa tope, akasema kwa sauti aliyoitafuta mahali pengi kabla ya kuipata kwamba kuna dubu ufuoni.

"Tumemwona," Borghild akajibu. "Chukua bunduki, rudi kwenye boti polepole. Usikimbie."

Hakukimbia, ingawa magoti yalimwomba. Akasukuma boti majini, akawasha injini, akasimama mbali panapofaa. Dubu alilifikia jiwe, akalinusa, akajisugua mgongo kwa raha zake mpaka akapata baka jeusi ubavuni. Kule sitahani abiria walikuwa wamejaa tena, na Sindre aliona kamera zikimeta. Pumzi ikamrudia, na pumzi ikirudi kwa Sindre huja na maneno. Akabonyeza redio, akaomba wamfungulie kipaza sauti cha melini.

"Kama nilivyowaambia jana," akasema kwa sauti yake ya kofia nyekundu, "ni jike yule yule. Amerudi kwenye kitanda chake, karibu na jiwe lile jeusi."

Redio ikakwaruza, na sauti iliyotoka haikuwa ya Borghild. Ilikuwa ya Bi Gudveig, aliyepokezwa redio, naye alizungumza taratibu kama mtu anayesifia kazi ya fundi.

"Mwanangu, ukungu huku uliondoka zamani. Niko kwenye darubini tangu ulipoanza na kichwa. Dubu nimemwona, ahsante, na nimekuona na wewe. Mkono unao. Ila matako umeyaacha meupe."

Kicheko kilivuka maji bila kuhitaji redio. Sindre akageuka kulitazama jiwe. Kweli, upande wa bahari lilikuwa linang'aa kama mtoto aliyetoka kuoga, na dubu alikuwa amekaa pembeni yake kama shahidi wa pili.

Borghild akarudi hewani.

"Sindre, kofia imemkaa vizuri sana Mama Lishe. Njoo unawe mikono hiyo. Chuma kimeshapata moto, na watu wana njaa."